Majani Mabichi ya Wadi Shahm

Fathallah Abu Duma alikuwa amekufa, na aliyekamatwa kwa kumuua alikuwa rafiki yake. Spana ya magurudumu iliyompasua kichwa ilikuwa ya huyo rafiki. Damu ilikuwa kwenye mikono ya huyo rafiki. Madereva wasiopungua kumi waliwasikia wakitukanana jana asubuhi kwenye kibanda cha chai, mwanzo wa barabara. Mwendesha mashtaka wa Qena alitaka jalada kabla ya alasiri. Meja Wagdi Bisada alitumwa kituo cha Wadi Shahm kulichukua, kulitia sahihi na kurudi na mtuhumiwa. Si zaidi ya hapo.

Alifika jua likiwa bado chini. Kituo kilikuwa vyumba viwili vya matofali, mizani ya malori, na chuma cha kufungia barabara. Kushoto jangwa, kulia jangwa. Sajini Dardiri alitoka kumpokea. Alikuwa mtu mkubwa, shati limepigwa pasi, pete nene kidoleni, ananukia manukato asubuhi ile.

"Umetuletea nuru, afande! Chai kwanza."

"Malori kwanza," alisema Wagdi.

Yalikuwa mawili, yameegeshwa uani bega kwa bega. La bluu lilikuwa la marehemu, tani kumi na mbili za nyanya kwenye matenga ya makuti ya mtende, turubai juu. La kijani lilikuwa la Mahrous Gad, rafiki aliyekamatwa, nalo lilibeba nyanya, tani kumi. Yote mawili yalikuwa yakielekea kwenye mahoteli ya pwani. Maji ya nyanya yalidondoka kutoka nyuma ya lile la bluu, tone baada ya tone, na chini yake palikuwa na dimbwi jekundu pana kama sinia ya mikate. Nzi walishafika.

Sajini Tohami, msaidizi wa Wagdi, alilikanyaga akaruka. "Mchuzi uko tayari, afande. Tunasubiri wali tu."

"Limekuwa hapa tangu lini?" Wagdi alimuuliza Dardiri.

"Tangu jana baada ya magharibi. Tulilileta sisi wenyewe tulipomkuta. Lilikuwa limesimama barabarani, kilomita mbili kabla ya kufika hapa."

"Hakufika hapa kabisa?"

"Hakufika, Mungu amrehemu. Askari Khalaf aliliona lile lori mchana, alipokwenda na gari letu kufuata maji. Alidhani dereva amelala. Jioni huyu mwingine, Mahrous, akakutwa pale na damu mikononi. Kesi imejifunga yenyewe, afande. Sisi tumeshika kamba tu."

Wagdi alizunguka mbele ya malori. Kila moja lilikuwa na kitita cha majani kimefungwa kwenye bampa. Ilikuwa barsim, majani ya kulishia mifugo, yanayolimwa kule bondeni kando ya mto.

"Hii ya nini?"

Dardiri alicheka. "Upuuzi wa madereva. Jicho baya. Mmoja anatundika kiatu cha mtoto, mwingine barsim. Ungekuwa na lori la mkopo, afande, hata wewe ungetundika."

Wagdi alishika kitita cha lori la Mahrous. Kilikuwa kimekauka kwa upepo wa safari, na majani yalivunjika vidoleni yakawa unga. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi mwekundu wa sufu. Kisha akashika kile cha lori la marehemu. Majani yalipinda, hayakuvunjika. Vidole vyake vilibaki na unyevu na harufu ya shamba. Hakikufungwa kwa sufu. Kilifungwa kwa uzi wa plastiki, mweupe, wenye ncha zilizochambuka.

"Nani alitangulia kutoka bondeni?"

"Marehemu. Asubuhi mapema. Huyu mwingine alitoka adhuhuri, alichelewa kupakia."

Wagdi alikata kile kitita kibichi kwa kisu, uzi na majani pamoja, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga.

"Unafuga sungura, afande?" Dardiri aliuliza.

"Ninakusanya upuuzi," alisema Wagdi. "Nionyeshe mtuhumiwa."

* * *

Mahrous Gad alifungwa pingu kwenye bomba, ndani ya stoo yenye matairi chakavu. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, na shavu lilikuwa limevimba. Wagdi alimwambia Tohami amfungue mkono mmoja na ampe sigara. Mahrous aliivuta nusu.

"Nani amekupiga?"

"Niligonga mlango."

"Mlango una pete kidoleni. Haya, usta wa lori, tuanze na spana. Ni yako?"

"Yangu. Nilimwazima. Yake ilipasuka wiki iliyopita, na matairi yake yamekwisha. Nilimwambia chukua, utanirudishia pwani."

"Ulimwazima mtu uliyekuwa unamtukana?"

"Ndiyo! Wewe huna rafiki, afande? Nilimwita punda. Nilimwita mwana wa punda. Halafu nikampa spana, kwa sababu tairi likipasuka jangwani utafanyaje, utamwita punda akubadilishie?"

Tohami alicheka. Wagdi hakucheka.

"Mligombania nini?"

Mahrous aliutazama mlango.

"Nikirudi Qena na sahihi yangu kwenye lile jalada," Wagdi alisema, "wewe leo jioni unalala jela, na kesi ya mauaji juu yako. Wakikuhurumia ni miaka ishirini na mitano. Mke wako atauza lori. Huyo aliyekupiga ataendelea kupiga pasi shati lake. Sasa niambie mligombania nini."

"Barsim."

"Jicho baya?"

"Jicho baya gani! Barsim ndiyo ada." Mahrous alishusha sauti. "Ukifika mwanzo wa barabara, kuna kibanda cha Haji Shazli. Anauza chai, na anauza barsim. Kitita kimoja pauni mia sita. Nani anayenunua majani kwa mia sita? Ng'ombe wake atakuwa anakamuliwa dhahabu. Unakifunga mbele. Kituo cha kwanza wanakiona, pita. Cha pili, pita. Hapa, pita. Umelipa mara moja, basi. Haji Shazli anawagawia wote."

"Na kila siku kipya."

"Lazima. Cha jana kinajulikana, kimekuwa majivu. Ukifika nacho wanakucheka, halafu wanakulipisha mara mbili."

"Usiponunua?"

"Unalipa kituo kwa kituo. Cha kwanza mia mbili, unalalamika wanakupunguzia, kwa sababu bado uko karibu na nyumbani, unaweza kugeuza. Cha pili mia tatu. Hapa..." Alitikisa kichwa. "Hapa hawana bei. Hapa wanakuja nyuma ya lori, wanatazama nyanya. Zikiwa kavu, mia tano. Zikianza kulia maji, bei inapanda. Wanajua huwezi kurudi. Utarudi na mchuzi? Wanakuweka juani, unakaa, wanakunywa chai. Kila ukikaa nyanya zinalia, kila zikilia wanaongeza."

"Na Fathallah?"

"Fathallah akasema mwaka huu hanunui. Mwaka jana kitita kilikuwa mia tatu. Akasema, Mahrous, tukitoa mafuta, tukitoa matairi, tukitoa mkopo, Haji Shazli anapata kuliko sisi kwenye kila safari, na hana hata baiskeli. Akasema ana tiketi ya serikali ya mizani, halali, imelipiwa, na hatoi senti zaidi. Nikamwambia nitakununulia mimi, utanilipa ukipenda. Akanitemea chini." Mahrous alifuta uso kwa mkono ulio huru. "Ndiyo nikamwita punda."

"Kwa hiyo alitoka bila barsim."

"Bila. Hata unyasi."

Wagdi aliufungua mfuko wa nailoni, akamwonyesha. "Hiki kilikuwa kwenye bampa lake."

Mahrous alikitazama. Kisha alifanya jambo ambalo Wagdi hakulitegemea. Alikinusa.

"Hiki hakijapanda lori," alisema. "Na huo si uzi wa Haji Shazli."

* * *

Walikwenda na gari la Wagdi mpaka mahali lori lilipokutwa. Dardiri alimtoa askari Khalaf awaonyeshe. Khalaf alikuwa kijana wa Sohag, shingo nyembamba, kofia imemzidi. Alisimama kando ya lami akanyoosha kidole.

"Hapa."

"Saa ngapi uliliona?"

"Adhuhuri, afande. Jua la utosi."

"Na liliondolewa baada ya magharibi. Kwa hiyo lilisimama hapa mchana kutwa."

"Ndiyo."

Wagdi alichuchumaa. Palikuwa na damu iliyokauka kwenye mchanga, kidogo. Palikuwa na alama za matairi. Alitafuta nyuma ya alama za matairi ya nyuma, akapapasa kwa kiganja, akasogea mbele, akarudi. Tohami naye alichuchumaa bila kujua wanatafuta nini.

"Umeangusha kitu, afande?"

"Nyanya ziko wapi?"

"Nyanya ziko kituoni."

"Maji yake. Usiku mmoja, kwenye baridi, lori limetengeneza dimbwi ulilotumbukiza mguu. Hapa lilisimama kutwa, juani. Nionyeshe dimbwi."

Tohami alitazama chini. Palikuwa na matone manne, labda matano, yamekauka. Basi. Kiasi cha lori lililosimama muda wa kuvuta sigara mbili.

Wote wawili walimgeukia Khalaf. Khalaf alikuwa anatazama upande wa bahari, mbali, kama mtu anayesubiri basi.

"Askari Khalaf," Wagdi alisema, "nimekuuliza saa ngapi uliliona hapa."

"Sajini alisema adhuhuri."

"Sikumuuliza sajini."

Khalaf aliishika kofia yake. Wagdi hakumbana. Alipanda gari.

"Twende tukanywe hiyo chai," alisema.

* * *

Dardiri alikuwa ametandika meza chini ya bati. Chai, mikate, jibini, mayai, ful ya maharage iliyomwagiwa samli.

"Karibu, afande. Vitu vya jangwani, utusamehe."

Wagdi alichukua mkate mkavu na kitunguu. "Nimefunga."

"Kwaresima yenu bado? Mungu akubali. Basi hata ful?"

"Ina samli. Kitu chochote cha mnyama hatuli mpaka sikukuu."

"Lo! Na mimi nilitaka kukuchinjia." Dardiri aliweka mkono kifuani, ameumia kweli kwa ukarimu wake. "Nina kondoo, afande, mafuta mkiani hivi! Nitakutilia mmoja kwenye gari. Utamla sikukuu."

"Una kondoo hapa?"

"Sita. Nyuma pale."

"Jangwani. Wanakula nini, mawe?"

Tohami aliacha kutafuna.

"Mungu anawaruzuku," Dardiri alisema, ila tabasamu lilichelewa kidogo.

Wagdi aliinuka na mkate wake mkononi. "Nionyeshe huyo wa sikukuu. Nichague mwenyewe."

Zizi lilikuwa nyuma ya kituo, la mabati na kamba. Ndani yake palikuwa na magunia mawili ya barsim, yamerowa, yamewekwa kivulini. Magunia ya plastiki, meupe, yaliyofumwa. La kwanza lilikuwa limefunguliwa, na mdomoni nyuzi zilikuwa zimechomolewa, tatu au nne. Wagdi alitoa mfuko wake wa nailoni, akauweka ule uzi juu ya gunia. Uzi uleule.

Zizini kondoo walikuwa wawili tu.

"Umesema sita."

"Wengine wametoka kidogo. Kutembea."

Wengine walikuwa hatua chache kutoka hapo, kati ya ukuta wa nyuma wa kituo na mizani, kwenye kiwanja ambacho hakionekani ukiwa barabarani. Walikuwa wanne, vichwa chini, wanaparua mchanga kwa kwato na kulamba. Mmoja alipoinua kichwa, mdomo ulikuwa mwekundu.

"Tohami," alisema Wagdi, "leta koleo."

"Afande, hao wanyama wanalamba chumvi," Dardiri alisema haraka. "Wana tabia hiyo."

"Leta koleo."

Tohami alichimba. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, umemwagwa karibuni. Chini yake ulikuwa mwekundu, wenye mbegu za nyanya, umeshikana kama matope. Alichimba kulia, mwekundu. Alichimba kushoto, mwekundu. Dimbwi lile lilikuwa kubwa mara tatu ya lile la uani. Pembeni mwake, karibu na ukuta, koleo lilitoa mchanga wa rangi nyingine, iliyokoza zaidi, na kondoo hawakuwa wamegusa upande huo.

Kondoo waliendelea kulamba.

"Sajini Dardiri," Wagdi alisema, "nipe mkanda wako na bastola."

"Afande, tuelewane. Mimi na wewe tuna watoto. Hii ni nyanya tu."

"Bastola."

"Lori la nyanya linasimama hapa kila siku! Hii ni ya lori lolote!"

"Inawezekana. Kwa hiyo uliifukia ya nini?"

Tohami alishamvua mkanda na bastola.

* * *

Wagdi alianza na Khalaf, peke yake, kwenye chumba cha mizani. Hakumpiga, hakumtukana. Aliweka mezani gunia, uzi, na kitita kibichi, kisha akaweka kile cha Mahrous kilichokauka.

"Hiki kimetoka bondeni adhuhuri, kimekuja na upepo wa lori, kimekuwa majivu. Hiki kingekuwa kimetoka asubuhi, kingekuwa majivu zaidi. Ni kibichi. Hakijasafiri kwenye bampa. Kimesafiri kwenye gunia lililorowa. Nani huleta magunia?"

"Pikapu ya Haji Shazli. Kila asubuhi."

"Na bahasha?"

"Na bahasha."

"Sasa nieleze jana."

Khalaf alieleza akitazama viatu vyake. Fathallah alifika kabla ya adhuhuri, bampa tupu. Alionyesha tiketi ya mizani. Dardiri alisema mia tano. Fathallah akasema tiketi hii imelipiwa. Dardiri akamwambia apeleke lori nyuma, akae. Akakaa. Baada ya adhuhuri Dardiri alikwenda akatazama nyanya, akasema mia nane. Baadaye akatazama tena, akasema elfu moja. Fathallah alikuwa amekaa chini, kwenye kivuli cha lori lake, anakula mkate, anasema tiketi imelipiwa. Ilipofika alasiri nyanya zilikuwa zinamwagika. Dardiri akasema elfu moja na mia tano, au nyanya zote zimwagwe kwa ukaguzi.

"Kisha?"

"Fathallah akacheka."

"Akacheka tu?"

"Akasema, ongeza, sajini. Ongeza mpaka ufike bei ya lori, nikuachie, nirudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilicheka pia, afande. Sajini akanitazama." Khalaf alivua kofia. "Spana ilikuwa kwenye ngazi ya lori. Fathallah alikuwa ameitoa akaze nati."

"Na barsim?"

"Sajini alisema madereva wakimkuta bila barsim watajua ni kituo. Wakijua ni kituo, watagoma wote, na Haji Shazli atatumaliza. Akanituma nikate kwenye gunia. Nikafunga mimi. Ndipo jua likizama tukarudisha lori na mwili kule barabarani, kilomita mbili. Mahrous alipofika akashuka kumwinua rafiki yake, akajipaka damu."

"Ulikirowesha."

Khalaf aliinua macho, amestaajabu. "Barsim hurowekwa, afande. Isiporowekwa kondoo hawali."

Wagdi aliandika maelezo, akamsomea, Khalaf akatia sahihi, na alipomaliza akauliza kama mama yake angeambiwa leo au kesho.

Dardiri hakukiri. Alikaa kwenye kiti alichozoea kukalia, ameegemea ukuta.

"Una askari mwoga na mchanga mwekundu," alisema. "Wakili wangu atakula hiyo kama kifungua kinywa."

"Nina damu chini ya mchanga. Nina uzi wa gunia lako. Nina pete yako kwenye shavu la Mahrous."

"Huna kitu. Na hata ukiwa nacho." Dardiri aliinama mbele. "Nikuambie, afande, kwa sababu una sura ya mtu ambaye hajawahi kukaa jangwani. Kiti hiki nilikinunua. Elfu sabini nilitoa ili niletwe Wadi Shahm. Nilikopa. Kituo cha kwanza ni elfu ishirini, cha pili thelathini, hiki sabini, kwa sababu hiki ndicho cha mwisho. Unadhani mimi ndiye ninayekula? Mimi ninalipa mkopo kama wao."

"Ulimlipa nani?"

Dardiri alicheka, safari hii kwa raha. "Hapo sasa unataka kulala nje ya nyumba yako."

"Haji Shazli?"

"Haji Shazli anauza chai."

"Tutaona anachouza," alisema Wagdi. Akamwambia Tohami amfunge kwenye bomba la stoo, palepale alipokuwa Mahrous.

Jalada lilifika kwa mwendesha mashtaka adhana ya alasiri ikiwa inasikika dirishani. Jina la mtuhumiwa lilikuwa limebadilika. Mwendesha mashtaka alisoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili ameketi.

"Nilikutuma ukachukue mtu," alisema.

"Nimemchukua."

"Na huyu wa chai? Umemwandika pia."

"Nimeandika jina lake tu. Nahitaji siku chache na gari lisilo la serikali."

"Ana watu, Wagdi."

"Najua. Kila lori barabarani limewalipia."

Mwendesha mashtaka alizungusha kalamu. Alitia sahihi ya kuachiliwa kwa Mahrous. Ile karatasi ya pili, ya kumfuata Haji Shazli, alikaa nayo mpaka adhana ikaisha, halafu nayo akaitia sahihi, chini kabisa, herufi ndogo.

* * *

Wiki iliyofuata lori la kijani lilisimama kwenye kibanda cha Haji Shazli. Mahrous alikuwa kwenye usukani, shavu limepona. Kando yake alikaa mtu aliyevaa kanzu ya kijivu na kilemba cha watu wa Kusini, anatafuna mbegu za maboga na kutema maganda dirishani. Nyuma palikuwa na nyanya, tani kumi, za mkopo.

Haji Shazli alitoka mwenyewe. Mzee safi, tasbihi mkononi, kitita kibichi mkono wa pili.

"Mahrous, mwanangu! Tulikuombea. Na marehemu, Mungu ampe pepo. Na huyu?"

"Binamu yangu, Haji. Anajifunza barabara."

"Akaribie. Barabara ina riziki." Alikiinua kitita. "Mia nane."

"Haji, ilikuwa mia sita."

"Ilikuwa. Wadi Shahm kuna watu wapya, mwanangu, wamenunua viti kwa bei mpya. Na kituo cha kwanza na cha pili navyo vimepandisha, wanasema kazi imekuwa ya hatari. Mimi nafanyaje? Mimi nauza majani."

Mahrous alimtazama binamu yake. Binamu alitema ganda, akaingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa noti nane za mia. Noti hizo zilikuwa zimepigwa picha jana mbele ya mwendesha mashtaka, moja moja, mbele na nyuma.

"Lipa, usta," alisema Meja Wagdi. "Na umwombe uzi mwekundu."

Mahrous alilipa.

Mpaka asubuhi ile, gharama ilikuwa hivi. Fathallah Abu Duma, mmoja. Nyanya zake, tani kumi na mbili, zilizomwagwa kando ya barabara nje ya Wadi Shahm baada ya mwendesha mashtaka kumaliza nazo. Hata kondoo walizichoka. Nyanya za Mahrous, tani kumi, zilizooza uani alipokuwa kwenye pingu, na mkulima bado anazidai. Lori la bluu, lililouzwa na mjane kwa nusu ya mkopo uliobaki. Askari mmoja wa Sohag, ndani. Sajini mmoja, ndani, na elfu sabini zake.

Na barsim, kitita kimoja, pauni mia nane. Kabla ya Fathallah kukataa kulipa, ilikuwa mia sita.